Katika StarCraft, wageni wa kweli ni Zerg

Kila anayeanza kucheza StarCraft, mchezo wa vita wa kompyuta, huja na swali lilelile: kati ya jamii zake tatu, ipi ina nguvu? Ni swali la haki, maana hakuna apendaye kukesha akiwa upande wa wanyonge. Lakini jibu lake halimfikishi popote. Mchezo wa kwanza ulitoka Machi 1998, wa pili Julai 2010, na katika miaka hiyo watengenezaji wake, Blizzard Entertainment, wamepunguza hapa na kuongeza pale ili Terran, Protoss na Zerg wasiachane mbali. Katika ngazi ya chini na ya kati, mshindi ni yule aliyezalisha wafanyakazi wengi mapema na hakuacha madini yake yalale. Jamii aliyoichagua huingia kwenye hesabu baadaye sana.

Mimi huuliza swali jingine. Terran ni binadamu, wazao wa wafungwa waliopakiwa kwenye vyombo na kupelekwa mbali na Dunia. Wanaobaki ni Protoss na Zerg, na hao ndio viumbe wageni wa mchezo huu. Ukiniomba ushauri wa kuchagua kati yao, nitataka kujua kama unatafuta mgeni wa kumtazama au mgeni wa kufikiri kwa kichwa chake. Kama ni huyu wa pili, jibu langu ni Zerg, na nina sababu za kulishikilia.

Tuanzie kwenye bao. Kete ni 64, kila mchezaji ana 32. Anapanga 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, na mwenzake vivyo hivyo. Sheria inayonibana mimi ndiyo inayokubana wewe, na tofauti yote iko vichwani mwetu. Michezo mingi ya vita ya kompyuta ilikuwa hivyo, ila ilijipamba ili isionekane. Warcraft II ya mwaka 1995, ya kampuni hiyohiyo ya Blizzard, ilikuwa na binadamu upande mmoja na orc upande wa pili, wenye ngozi ya kijani na meno nje. Lakini karibu kila askari wa huku alikuwa na mwenzake wa kule mwenye nguvu zilezile, na tofauti ya maana ilikuwa kwenye uchawi. Orc alikuwa binadamu aliyevaa kinyago. Miaka mitatu baadaye StarCraft ikaachana na njia hiyo, ikaweka jamii tatu zisizogawana askari hata mmoja, wala jengo, wala namna ya kujenga.

Kwenye kujenga ndiko unakomjua mgeni. Mfanyakazi wa Terran, SCV, husimama kando ya jengo akichomelea hadi likamilike. Ukimuua katikati ya kazi, jengo linabaki gofu mpaka aje mwingine. Ni fundi tunayemfahamu. Mfanyakazi wa Protoss, Probe, hufungua tu njia, jengo likashuka lenyewe kutoka mbali, na yeye akarudi kuchimba madini mara moja. Sharti lake ni kwamba karibu kila jengo lijengwe ndani ya duara la nishati ya Pylon, nguzo yao ya umeme, na Pylon hiyo ikivunjwa, majengo yaliyoitegemea huzimika. Ni fundi wa hali ya juu, mwenye umeme wake. Sasa mtazame Drone wa Zerg. Anafika mahali, anajikunja, anavimba, na yeye mwenyewe anakuwa jengo. Hakuna Drone tena.

Tafakari gharama yake. Spawning Pool, jengo linalowapa Zerg askari wao wa kwanza, imeandikwa madini 200. Lakini imekula pia Drone wa madini 50, na imekula kila ambacho Drone huyo angechimba hadi mwisho wa mechi. Mchezaji wa Terran akijenga kambi ya askari, uchumi wake unasimama kidogo kisha unaendelea. Mchezaji wa Zerg akijenga, uchumi wake unapungua kiungo. Kwa hiyo Zerg hajengi chochote kwa mazoea. Kila jengo ni mtu aliyekuwa akileta chakula nyumbani na sasa haleti.

Halafu kuna mabuu, na hapa ndipo ninapoona kazi bora kabisa ya ubunifu katika mchezo huu. Hatchery, yaani jengo kuu la Zerg, huzaa mabuu yenyewe, taratibu, hadi matatu, kisha husubiri uyatumie. Kutoka kwenye buu hutoka mfanyakazi. Kutoka kwenye buu hilohilo hutoka askari wa miguu, mrukaji, hata Overlord, yule kiumbe anayeelea kama puto na kukupa nafasi ya kuongeza jeshi. Katika StarCraft II ni Queen pekee anayetoka moja kwa moja kwenye Hatchery. Terran na Protoss wana mlango wa wafanyakazi na milango ya askari, na wanaweza kuifungua yote kwa wakati mmoja. Zerg ana mlango mmoja. Buu ulilolifanya Drone halikuwa askari, na ulilolifanya askari halikuwa Drone.

Matokeo yake ni aina ya fikra ambayo sijaikuta kwingine. Ukiwa Protoss, swali lako ni kama una fedha za kutosha. Ukiwa Zerg, fedha unaweza kuwa nazo, lakini swali ni kama adui anakuja sasa hivi au baada ya dakika mbili. Akija sasa nawe umejaza Drone, mechi imekwisha. Asipokuja nawe umejaza Zergling, wale askari wadogo wa mwanzo, umejichelewesha, na mwenzako anakua polepole hadi akuzidi kwa kila kitu. Ndiyo maana wachezaji hodari wa Zerg hutengeneza Drone hadi sekunde ya mwisho kabisa, jeshi la adui likiwa tayari njiani, kisha kwa mpigo mmoja mabuu yote yanageuka mayai na mayai yanapasuka wakati adui anafika mlangoni. Kwa Terran, kupeleleza ni busara. Kwa Zerg ni riziki, kwa sababu asipojua adui anafanya nini, hajui hata buu lililo mbele yake lizaliwe nini.

Wengi hudhani Zerg ni upande wa wasiotaka kufikiri: jaza, sukuma, furika. Sifa hiyo imetokana na shambulio la mapema la Zergling, lililopata umaarufu hata nje ya mchezo, kiasi kwamba mwaka 2012 Google waliweka kwenye ukurasa wao wa utafutaji herufi ndogo za O zinazokuja kwa wingi na kuyala matokeo. Hesabu haiungi mkono dhana hiyo. Madini 100 yanampa Protoss askari mmoja, Zealot, anayechukua nafasi 2 kati ya 200 ambazo kila jeshi linaruhusiwa. Madini 100 hayohayo yanampa Zerg Zergling 4, nao kwa pamoja wanachukua nafasi 2 hizohizo. Uwanjani, wale wanne wanamzunguka yule mmoja na kumng'ata kila upande. Kwenye njia nyembamba, wanamfikia mmojammoja na anawamaliza. Wingi peke yake haukupi kitu, mpaka umchagulie adui mahali pa kupigana, na mchezaji wa Zerg hutumia nusu ya mechi akishughulikia jambo hilo tu.

Utando nao umo humohumo. Majengo ya Zerg husimama juu ya utando wa zambarau unaotambaa ardhini, na adui hawezi kujenga juu yake. Katika StarCraft II, Queen huupanda na kuusogeza mbele, uvimbe kwa uvimbe, na karibu viumbe wote wa Zerg wanaotembea juu yake huongeza kasi huku mwenyewe akiona kila kinachoukanyaga. Terran anaweka minara ya kumwonyesha adui. Zerg anaifanya ardhi yenyewe iwe na hisia. Nimeona wachezaji wapya wakiuacha utando kwa kuuona ni pambo. Ni sawa na kukata mishipa yako ya fahamu.

Sasa niwatendee Protoss haki. Najua kwa nini wanapendwa, na ni upendo wenye msingi. Ni wachache, ni ghali, kila mmoja ana uzito. Ngao zao hujirudisha zenyewe wakipumzika. Dhoruba ya High Templar, mpiganaji wao wa nguvu za akili, ikitua katikati ya jeshi, sekunde chache zinatosha kugeuza mechi. Wanajiendesha kwa heshima, wanamtaja Adun, shujaa wao wa kale, wanapoamkiana, na anguko la sayari yao Aiur lina huzuni ya kweli. Lakini tazama chini ya heshima hiyo. Unalipa fedha, kiwanda kinatoa askari. Mfanyakazi ni mfanyakazi, askari ni askari, jengo ni jengo. Hadithi inatuambia kwamba akili zao zimeunganishwa kwa kifungo kinachoitwa Khala, hisia za mmoja zikiwa za wote. Uwanjani kifungo hicho hakifanyi kazi yoyote: Zealot akifa, mwenzake aliye kando haongezi wala hapunguzi kitu. Ugeni wao uko zaidi kwenye hadithi kuliko kwenye kanuni. Nakubali mambo mawili yanayovuka mpaka huo: High Templar wawili wanaojiunga na kuwa kiumbe kimoja kipya, Archon, na lango la StarCraft II linaloshusha askari popote penye nishati ya Pylon. Hapo Protoss wananigusa.

Na mechi ya Protoss ninayoiheshimu kuliko zote ndiyo iliyonifundisha zaidi kuhusu Zerg. Tarehe 3 Machi 2007, katika fainali ya ligi ya MSL huko Korea Kusini, Kim Taek-yong, anayejulikana kwa jina la Bisu, alimkabili Ma Jae-yoon, mchezaji wa Zerg aliyekuwa juu ya wote wakati ule. Kwa miaka mingi Zerg walikuwa wakiwasumbua Protoss, na wachache waliona namna ya Bisu kunusurika. Alishinda 3 kwa 0. Silaha zake zilikuwa ndege za Corsair na Dark Templar, muuaji asiyeonekana. Katika toleo lile, Brood War, yaani nyongeza ya mchezo wa kwanza, Overlord wa Zerg alikuwa na kazi mbili: kutoa nafasi ya jeshi na kuwaona wasioonekana. Corsair wakawawinda Overlord angani. Kila aliyeanguka aliibana Zerg kwenye uzazi na papo hapo akampofusha, na wauaji wakapita chini bila kuonwa.

Jambo ninalolipenda katika ushindi ule ni kwamba Bisu aliacha kumwona Zerg kama jeshi linalohesabika. Alimwona kama mwili, akajua kwamba tumbo na macho viko kwenye kiungo kimoja, akakipiga hicho. Hakuna namna ya kumshinda Terran kwa fikra hiyo, kwa sababu Terran si mwili. Ni kambi yenye watu.

Wapo wanaosema tofauti hizi ni za juujuu tu, kwamba mchezaji mzuri ni mzuri popote. Mwaka 2019 ulitoa ushahidi wa kinyume. Kampuni ya DeepMind ya London ilionyesha programu yake ya akili bandia, AlphaStar, ambayo iliwafunga wachezaji wawili wa kulipwa 5 kwa 0 kila mmoja: Dario Wünsch wa Ujerumani, anayejulikana kama TLO, na Grzegorz Komincz wa Poland, MaNa. Lakini wakati ule mashine ilijua kucheza Protoss dhidi ya Protoss tu. TLO, ambaye riziki yake ilikuwa Zerg, alilazimika kucheza jamii isiyo yake. Baadaye mwaka huohuo AlphaStar ilifika ngazi ya juu kabisa ya mashindano ya mtandaoni kwa jamii zote tatu, na ilibidi kila jamii ifundishiwe mtandao wake wa neva. Kama mashine yenye muda wote wa kufanya mazoezi ililazimika kuanza upya kwa kila jamii, si ajabu kwamba karibu kila mchezaji mkubwa hukaa na jamii moja maisha yake yote ya mchezo, ingawa kubadili ni kubofya mara moja tu. Katika Warhammer 40,000, mchezo wa mezani wa Uingereza uliozaliwa 1987 na ambao Tyranid wake ni wadudu wa ukoo mmoja na Zerg, angalau unaelewa kwa nini watu hawahami: jeshi wamelinunua na kulipaka rangi kwa mkono, sanamu kwa sanamu. Katika StarCraft kinachowafunga ni namna vichwa vyao vilivyokwisha kuzoea kufikiri.

Kwa sisi tunaocheza kutoka Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Seva rasmi za mchezo ziko Amerika, Ulaya na Asia, na sisi kwa kawaida huunganishwa na za Ulaya. Amri yako inasafiri, inafika, kisha unaona matokeo. Mchezaji wa Terran ambaye uhai wake unategemea kuwatawanya Marine, askari wake wa miguu, kwa kufumba na kufumbua kabla Baneling wa Zerg hawajajiviringisha na kupasuka katikati yao ataumia kwa kuchelewa huko. Zerg naye ana mambo ya haraka, lakini sehemu kubwa ya ushindi wake hupatikana nyumbani, kwenye maamuzi ya mabuu, na uamuzi huo haujali sana kama amri imechelewa kidogo. Sitasema hiyo ndiyo sababu ya kuchagua jamii. Ila ni sababu halisi, na washauri wa Ulaya hawawezi kuijua kwa sababu haiwagusi.

Ubora wa Zerg katika mikono ya watu wanaofikiri ulidhihirika mwaka 2018. Februari, huko PyeongChang, Sasha Hostyn wa Kanada, Scarlett, alitwaa ubingwa wa mashindano ya Intel Extreme Masters akiwa na Zerg, akimshinda katika fainali Kim Yoo-jin, Protoss aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia mara mbili. Novemba, Joona Sotala wa Ufini, Serral, akamshinda Kim Dae-yeob, Protoss pia, 4 kwa 2, na kuwa mtu wa kwanza asiye Mkorea kutwaa fainali za dunia za WCS, mashindano makuu ya StarCraft II wakati ule. Ukizitazama mechi za Serral hutaona mafuriko. Utaona mtu anayezuia kwa kiasi kilekile kinachohitajika, hata Zergling mmoja wa ziada hamo, na kila buu lililookolewa linakwenda kuchimba madini. Adui hashindwi kwa pigo moja. Anafika mahali anakuta mwenzake ana kila kitu mara moja na nusu.

Nina malalamiko juu ya Zerg pia, na si madogo. Katika mchezo wa kwanza walitawaliwa na Overmind, akili moja kubwa isiyo na uso, yenye njaa ya kuwameza Protoss ili kukamilisha umbo lake, na wewe mchezaji ulikuwa Cerebrate, kiungo cha akili hiyo. Ulitii njaa isiyo yako. Tassadar wa Protoss alipojitoa mhanga na chombo chake juu ya Aiur kumuua Overmind, pengo lake likajazwa na Kerrigan, mwanamke wa Terran aliyesalitiwa na wenzake katika sayari ya Tarsonis na kugeuzwa nusu Zerg. Ni mhusika mwenye nguvu, lakini kufikia Heart of the Swarm, sehemu ya pili ya StarCraft II iliyotoka Machi 2013, kampeni nzima ya Zerg, yaani mechi za kufuata hadithi, imekuwa hadithi ya kisasi chake kwa Mengsk, mtawala wa Terran aliyemsaliti, na mapenzi yake kwa Raynor, mpiganaji wa Terran. Kisasi na mapenzi ni mambo yetu. Waandishi walikuwa na kiumbe asiyefanana na yeyote, wakampa moyo wa binadamu ili tumhurumie.

Walibakisha mmoja tu anayestahili jamii hiyo: Abathur, mtengenezaji wa miili. Anaongea kwa vipande vya sentensi, hana salamu, hana kiburi, haoni sababu ya kukuchukia wala kukupenda. Anaona nyama inayoweza kurekebishwa. Ningeifuta nusu ya mazungumzo ya Kerrigan ili nipate saa moja zaidi na Abathur, kwa sababu anapoongea, hadithi na kanuni za uwanjani zinakuwa kitu kimoja: ndivyo anavyofikiri aliye na mabuu matatu na njia mia za kuyatumia.

StarCraft II imekuwa bure kuanzia Novemba 14, 2017, kwa mechi za mtandaoni na kwa kampeni ya kwanza, kwa hiyo anayetaka kujaribu hahitaji zaidi ya kompyuta ya wastani na bando. Ukichagua Zerg, unaanza na Drone 12. Akitoka wa 13, tengeneza Overlord. Ukifika 17, mmoja aende kufungua Hatchery ya pili, kisha gesi, kisha Spawning Pool, kisha Queen kwa kila Hatchery. Overlord wa kwanza mtume tangu sekunde ya kwanza kuelekea kambi ya mpinzani, maana ni mzito na safari ni ndefu. Zaidi ya jozi mbili tatu za Zergling za kulinda mlango, usiunde askari mpaka Overlord huyo akuonyeshe sababu. Mabuu mengine yote yawe Drone.